Nguzo ya Mia Mbili na Kumi na Nne

Baladia ya Ibra ilinipa daftari, tochi,
viatu vya mpira vinavyonibana kidole gumba,
na kazi ambayo shemeji yangu Zahor huicheka mezani:
kuhesabu taa za barabarani.
Si kuziwasha, si kuzizima.
Kuhesabu tu, na kuandika ipi inammulikia nani.

Usiku wa kwanza nilianza na mtaa mpya, nyuma ya kituo cha mafuta:
viwanja vilivyopimwa, vikagawiwa, vikasahauliwa.
Nguzo sitini na mbili,
mabibi harusi sitini na mbili waliopambwa
na bwana harusi hakutokea.
Chini yao changarawe, mfuko wa nailoni, mbuzi wa mtu.
Kila taa wati mia mbili na hamsini,
magharibi mpaka alfajiri,
ili mbuzi aone anachotafuna.

Nikaandika: mbuzi, mmoja.

Mama alizaliwa Wete. Aliningoja na chai.
Kwetu, akasema, taa ilikuwa na mwenyewe.
Mafuta tukinunua kwa chupa ya dawa ya kikohozi,
utambi ukiteremshwa wageni wakishaaga,
na aliyelala akaiacha ikiwaka
aliamshwa, hata awe na homa.
Hizi zenu, nani analala nazo?

Nikampigia hesabu juu ya karatasi ya mkate:
riali nne na ushei, kila usiku, mtaa mmoja.
Akapuliza chai.
Riali nne. Kumlisha mbuzi mwanga.

Basi tukabadilisha.
Balbu za manjano zikashuka, zikaja za LED, nyeupe, wati tisini,
na baada ya saa sita usiku zinafifia zenyewe
mpaka theluthi.
Isipokuwa kona ya wadi,
ngamia wanapokatiza bila kutazama kulia wala kushoto,
na ambako mtoto wa Bi Ghaniya alitoka na gari
akarudi kwa gari la wengine.
Kona ile sikuigusa. Hata kwenye karatasi sikuigusa.

Usiku wa kwanza wa kufifia, simu kumi na moja.
Mmoja alilalamikia wezi, mmoja majini,
mmoja akauliza kwa upole kama serikali imefilisika.

Nikampandisha Mama darini.
Nilidhani namrudishia Kilimia chake,
nilikuwa nimejiandaa hata kulia.
Akainua uso, akazungusha shingo, kimya.
Zimerudi? nikauliza.
Nyota hazikwenda popote, akasema, yaliyokwenda ni macho.
Hebu nishike mkono, hizo ngazi zenu hazionekani.

Halafu nguzo ya mia mbili na kumi na nne,
ukutani kwa gereji.
Saa tisa usiku, mtu amechuchumaa, simu mkononi:
Sajith, fundi wa viyoyozi.
Chumbani wamelala wanane, taa haiwashwi.
Kwao Kerala mkewe keshaamka, anakwenda kugema mpira,
taa amejifunga kipajini,
kisu kwapani, miti inapita nyuma yake mmoja mmoja.
Wakati huo ndio wanaoonana.
Usiku ule taa ilipofifia yeye alimwona mke,
mke hakumwona yeye.
Akaisogeza simu, akaigeuza, akasimama,
akaunyoosha uso juu kuelekea nguzo
kama mtu anayekinga mvua.

Nilisimama upande wa pili wa barabara. Sikumsalimu.
Asubuhi nikampigia mtu wa mitambo.

Bili ya mwezi ilipofika, Bwana Harith aliisoma mara mbili
akaagiza halwa kwa ofisi nzima.
Kisha kidole chake kikateremka kwenye jedwali, kikasita.
Hii moja mbona haififii?
Kihisi kimeharibika, nikasema.
Kitatengenezwa lini?
Kipuri hakijafika.

Tofauti ni baisa nane kwa usiku, nimezipiga mwenyewe.
Kwenye daftari, safu ya inammulikia nani,
niliandika: ina mwenyewe.

Huu mwaka wa pili. Kipuri hakijafika.